Kinga ya sukari ya COMESA ni nini, na mbona ilikuwa inaongezwa tu

Kinga ya biashara ni ruhusa ya muda. Nchi zikiingia soko huria bidhaa zinavuka mpaka bila ushuru, sasa ikitokea za jirani zinaingia kwa bei ya chini mpaka viwanda vyako vinakaribia kufungwa, mkataba unakukubalia uweke mgao, yaani tani kadhaa kwa mwaka zipite bure na zikizidi hapo zilipiwe. Lakini inakuja na masharti, na hapo ndio watu hunyamazia.

Soko huria la COMESA, muungano wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lilianza 2000 Kenya ikiwemo, na haikukaa sana ikaomba kinga ya sukari juu Malawi na Zambia zinatengeneza yao kwa gharama ya chini ambayo viwanda vyetu kama Mumias na Nzoia havingeweza kufikia hata kwa ndoto. Ikapewa, ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka Novemba 2025.

Masharti yenyewe? Serikali iachie watu binafsi viwanda vyake, mbegu za kukomaa haraka, barabara za mashambani, na mkulima alipwe kwa utamu wa miwa badala ya uzito. Hii ya utamu ndio ngumu kuliko zote. Miwa ikishakatwa ikilala siku kadhaa sukari inapungua, so ukilipa kwa utamu kila mtu ataharakisha, sawa, lakini trekta ya kubeba mara nyingi ni ya kiwanda, na ikichelewa hasara ni ya nani? Na anayepima huo utamu ni kiwanda hicho hicho! Mkulima wa Chemelil akikataa si ati ni mkaidi, amepiga hesabu.

Viwanda navyo vilikaa na madeni miaka na miaka, ni 2025 ndio Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony ya Awendo vilikodishwa kwa miaka 30, na kukodisha si kuuza.

Kwa maoni yangu kinga ilimlinda sana mwenye kibali cha kuagiza, kwa sababu ananunua nje bei ya chini anauza hapa kwa bei ya soko lililofungwa, ile tofauti ni yake, na mama wa chai pale soko la Kibuye, Kisumu, ndiye anailipa.

Alafu usichanganye: sukari ya Brazil ama India haikuwa kwa hii kinga, hiyo hupigwa ushuru wa Afrika Mashariki wa asilimia 100 na huo bado uko.