PS "yenye magemu 15 ndani" na uongo mwingine kuhusu kufuli za kidijitali

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja na kijana wake wa miaka kumi na tatu hivi, wamebeba PS4 Slim, ile PlayStation ya Sony ya kuchezea magemu, kwenye mfuko wa sokoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaiweka mezani taratibu utadhani kaleta mgonjwa.

"Fundi, hii imekufa magemu. Yote."

Nikaichomeka. Mashine nzima, feni inazunguka, pedi inashika. Ila kwenye kila picha ya gemu kulikuwa na kakufuli kadogo. Nikaweka bisibisi chini, maana hapakuwa na cha kufungua.

"Uliiunganisha na Wi-Fi lini?" nikamuuliza kijana.

Akatazama viatu vyake. "Jana, anko. Nilitaka apdeti ya FC, lile gemu la mpira."

"Na aliyewauzia alisemaje kuhusu Wi-Fi?"

Mama akajibu yeye. "Alisema tusiiunganishe kabisa, itaingia virusi."

Kwa mwezi huu pekee huyo ni wa nne. Wa nne! Na kila mmoja ananiambia sentensi ileile, kwa hiyo nimeona niandike, nikichoka kueleza niwe natuma hii tu.

"Nimeinunua na magemu yake ndani, kwa hiyo magemu ni yangu"

Si yako, na pole sana.

Gemu la kushusha linalokaa kwenye mashine ni mafaili matupu. Unaweza kuyahamisha, ukayanakili kwenye diski ya nje mara mia, hayafunguki bila leseni, na leseni inaishi kwenye akaunti. Sony wanaruhusu akaunti iichague PS4 moja kuwa mashine yake kuu. Ikishachaguliwa, yeyote anayewasha mashine hiyo anacheza magemu ya akaunti ile kwa jina lake mwenyewe, hata pasipo intaneti. Kwenye PS5 jina limebadilika, kazi ni ileile. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya nyumba: baba ananunua, watoto wanacheza.

Sasa mjanja wa mjini anaufanyia nini? Ana akaunti moja yenye magemu 15. Anaingia nayo kwenye mashine, anaifanya kuu, anashusha magemu yote, anaongeza bei, anakuuzia. Baada ya muda amepata mashine nyingine ya kuuza. Akaunti haiwezi kuwa na PS4 kuu mbili, kwa hiyo anaingia kwenye tovuti na kufuta usajili wa mashine zake zote kwa mpigo, jambo analoruhusiwa mara moja kila miezi sita, kisha anasajili hiyo mpya. Mashine yako, maadamu haijakutana na seva, yaani kompyuta za Sony kule mtandaoni, haina habari kwamba imeshafutwa. Siku ikikutana nazo, kufuli. Hao ndio virusi walioambiwa akina mama.

Na mtu akishaona kufuli hukimbilia kwa fundi. Kuna wenzangu wanatoza elfu ishirini kwa kubonyeza "Restore Licenses". Kitufe hicho kipo kwenye mipangilio, upande wa akaunti, ni bure, na kinasaidia pale tu leseni zikiwa zako kweli. Zikiwa za mjanja, bonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Hapo wateja huniuliza, "Basi yule aliyenunua dukani ndiye mwenye gemu?" Naye pia kapewa ruhusa tu. Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Januari 1, 2025, inayokataza duka la mtandaoni kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, wakaweka tangazo hilo kwenye ukurasa wa malipo Oktoba 2024, na vijana wakaja dukani kwangu wamewaka: "Fundi, Steam wameanza kutunyang'anya!" Hakuna kilichoanza. Masharti yalikuwa hivyo tangu zamani. Kilichoongezeka ni kwamba sasa wanakwambia kabla hujalipa.

Anayetaka kuona ruhusa ikiondolewa mchana kweupe aangalie The Crew, gemu la magari la Ubisoft la mwaka 2014. Lilihitaji seva muda wote, hata ukiwa unaendesha peke yako. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na aliyeshusha na mwenye CD wakabaki sawasawa, mikono mitupu. Ndipo Ross Scott, mtengeneza video za YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai kwamba gemu likiachwa na kampuni liachwe katika hali ya kuchezeka. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025.

Kuhusu kuuza gemu la kidijitali ulilomaliza, Wafaransa walijaribu. Chama cha watumiaji cha UFC-Que Choisir kiliwashtaki Valve, wenye Steam, kikashinda mjini Paris mwaka 2019. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia akaunti yake ya Steam, jua anauza kitu ambacho masharti ya Steam yanasema hakihamishiki. Siku akikumbuka barua pepe yake ya mwanzo, anairudisha.

Ushauri wangu ni uleule, mke wangu ameshaukariri mpaka ananitania nao: kabla ya kutoa hela uliza akaunti ni ya nani. Fungua akaunti yako, kwa barua pepe yako, palepale dukani. Muuzaji aifute mashine kwenye akaunti yake, wewe uifanye kuu ya akaunti yako, unganisha Wi-Fi ukiwa bado mbele yake, halafu hesabu magemu yaliyobaki bila kufuli. Hayo ndiyo uliyonunua. Muuzaji akisema "usiguse akaunti hiyo kaka, itaharibu", mwage.

"Mimi natumia CD, hayo hayanihusu"

Huyu kidogo namwelewa, maana mimi mwenyewe ni mtu wa CD. CD unaiazima, unaiuza, unampa shemeji. Lakini kusema haina kufuli ni kujidanganya.

Kwanza, tangu PS4 gemu linamiminwa kwenye diski kuu na linasoma humo. CD inabaki ndani kama ufunguo wa kuthibitisha kwamba unayo. Na siku hizi ufunguo unaweza kuja bila nyumba. CD ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II, ya mwaka 2022, ilikuwa na takriban MB 70 tu. Kilichobaki, shusha kwa bando lako. Nintendo angalau wameandika wazi kwenye mashine yao ya Switch 2, iliyotoka Juni 2025: kuna kadi ambazo ndani hazina gemu, zina ruhusa ya kulishusha. Zinauzika tena, hilo nawapongeza, ila seva zikifungwa umebaki na kiplastiki.

Pili, kisoma CD chenyewe kimefungishwa ndoa na mashine. Kikifa kwenye PS4 za mwanzo, usidhani utang'oa cha mashine nyingine upachike. Bodi ndogo iliyo ndani yake inatambuana na ubao mama wake, na ukileta bodi ya ugenini CD inakataliwa. Ndiyo maana mimi nabadilisha mota na lenzi, bodi ya zamani naihamishia kwenye kisoma kipya kwa mkono. Kama fundi wako aliitupa ile bodi, usiniletee lawama. Kwenye PS5 zenye kisoma cha kuchomoa ni lazima intaneti siku ya kwanza ili vitambuane, na PS5 Pro ya 2024 haikuja na kisoma kabisa.

Halafu kulikuwa na kisa cha betri. PS4 ina betri ya duara ya CR2032 inayotunza saa. Ikifa, na mashine isipate seva za kurekebishia saa, magemu yalikuwa yanakataa kufunguka, CD na ya kushusha vilevile, kwa sababu ya mfumo wa vikombe, zile tuzo za mchezaji, unaotaka tarehe ya kweli. Sony waliliondoa tatizo kimyakimya kwenye toleo 9.00, Septemba 2021. Bado napokea PS4 ambazo hazijawahi kuona apdeti tangu zinunuliwe. Mwenye nayo kaambiwa ubao mama umeungua. Dawa ni betri ya bei ya soda na apdeti moja.

"Vocha ni vocha, niuzie yoyote"

Hapana! Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa akaunti na duka la PlayStation, Kenya pia haimo. Kwa hiyo wote tunaishi kwa uraia wa kuazima: mmoja yuko Marekani, mwingine Uingereza, mwingine Falme za Kiarabu. Ukishachagua nchi wakati wa kufungua akaunti, huibadilishi. Vocha ya dola za Marekani haiingii kwenye akaunti ya Dubai hata ukilia. Na nyongeza za gemu lazima zitoke eneo moja na CD yako. CD ya Ulaya na nyongeza ya Marekani havijuani. Wateja wangu wengi hawakumbuki walichagua nchi gani, nami siuzi vocha mpaka nione skrini ya akaunti kwa macho yangu. Wengine wananiona mkorofi. Sawa.

Hii si habari ya PlayStation peke yake. Mei 2024 waliokuwa na Helldivers 2, gemu la Sony, kwenye Steam waliambiwa lazima waunganishe akaunti ya PSN. Gemu likaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, zetu zikiwemo. Watu waliolipa hela halali wakageuka wageni kwenye gemu lao.

"Kelele hazisaidii, makampuni yanafanya yatakavyo"

Zinasaidia. Hao wa Helldivers 2 walipaza sauti kwa siku chache tu na Sony wakafuta sharti hilo. Mwaka 2021 walipotangaza kufunga duka la PS3 na la Vita, mashine yao ya mkononi, wakageuza maneno mwezi uliofuata. Na mwaka 2013 Microsoft walisema mashine yao ya Xbox One itahitaji kuripoti mtandaoni kila saa 24, na gemu la mtumba liwe na masharti. Juni 19 mwaka huohuo wakayafuta yote. Wenye Wii U na 3DS, mashine za Nintendo, hawakubahatika, duka lao lilifungwa Machi 2023, na la Xbox 360 likafuata Julai 2024.

"Nitahamia PC, kule hakuna kufuli"

PC ndiko zilikozaliwa. Gemu la Spore la 2008 lilianza kwa kukuruhusu kulisajili kwenye kompyuta tatu tu. Tofauti ya kule ni kwamba una uchaguzi. Steam haiwalazimishi watengenezaji kuweka kufuli, na yapo magemu unayoweza kuyafungua bila kuwasha Steam yenyewe. GOG, duka jingine la mtandaoni, wanakupa faili la kusakinishia. Liweke kwenye diski ya nje na hakuna wa kukuuliza, ingawa kisheria hiyo nayo ni leseni.

"Denuvo inaua SSD"

Denuvo ni kufuli ya programu inayowekwa kwenye magemu ya PC, na SSD ni diski ya kuhifadhia. Sijaona hata moja iliyokufa hivyo. Kufuli hiyo inaweza kuongeza uzito, na wanaolalamika si wote wazushi: Resident Evil Village ya PC ilikuwa inakwamakwama mwaka 2021, iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli, ikawa inateleza, na Capcom, watengenezaji wenyewe, wakatoa apdeti ya kurekebisha. Lakini SSD yako ilikufa kwa sababu ni feki. Niliiona, hata stika ilikuwa imebandikwa upande.

"Nikikraki mashine, Sony wataiunguza kutoka kwao"

Kinachofungiwa ni mtandao. Nje ya mtandao mashine inaendelea. Kwenye Switch 2 angalia zaidi, maana Nintendo walianza kufungia mashine Juni 2025, na aliyenunua mtumba anarithi adhabu ya mwenzake. Ukiuziwa Switch 2 kwa bei ya chee, iunganishe kwanza.

Yule mama namba ya muuzaji wake haipatikani, na mimi leseni za mtu sina. Nilimfungulia mama akaunti kwa barua pepe yake, na ya kijana chini yake kama mtoto, nikaifanya mashine kuwa yao. Kati ya magemu 15 likabaki sifuri. Jirani yangu alikuwa na CD ya FC ya mwaka juzi, imechubuka kidogo pembeni, nikampigia bei wakaichukua kwa elfu arobaini.

Kijana akaipachika, ikakubali. Kisha akanigeukia, kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie: "Anko, sasa Wi-Fi naweza kuwasha?"

"Washa."