Michigan na Ohio State: tunavyokosea kusoma takwimu za safu ya mbele

Kila mwisho wa Novemba, Michigan na Ohio State wanapokutana kwenye futiboli ya Marekani ya vyuo vikuu, mashabiki hurushiana namba wiki nzima. Karibu zote ni za wakimbiaji, warushaji na wadakaji. Wale watano wa safu ya mbele, wanaoinama mbele ya kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) kumkinga na kumfungulia njia mkimbiaji, hawaandikiwi hata yadi moja, kwa hiyo kila mtu huwasemea apendavyo. Takwimu za kina zimejaribu kuwatendea haki. Tatizo ni kwamba nazo husomwa vibaya, na mechi za watani hawa wawili zinaonyesha vizuri wapi tunateleza.

Dhana: Yadi nyingi za kukimbia ni ushahidi wa safu bora

Mwaka 2022, mjini Columbus, Michigan walishinda 45 kwa 23. Mkimbiaji wao Donovan Edwards alibeba mpira mara 22 akapata yadi 216, wastani wa karibu yadi 10 kila mara. Ukiishia hapo, utasema safu ya ulinzi ya Ohio State ilikanyagwa mchana kutwa.

Sivyo. Katika robo ya nne Edwards alichomoka mara mbili, yadi 75 na yadi 85, zote tachidauni (mpira ulifikishwa eneo la mwisho la mpinzani). Toa mbio hizo mbili, zinabaki mbio 20 kwa yadi 56, yaani yadi 2.8 kwa kila mbio. Mstari wa mbele wa Ohio State ulisimama imara sehemu kubwa ya mechi. Kilichowagharimu ni kwamba Edwards alipoupita mstari huo, nyuma hapakuwa na wa kumkamata.

Hapo ndipo kinaposaidia kipimo cha yadi za safu, yaani sehemu ya yadi za mkimbiaji inayohesabiwa kuwa kazi ya safu. Kwa kanuni iliyoenezwa na tovuti ya takwimu ya Football Outsiders, mkimbiaji akisukumwa nyuma, safu inabebeshwa asilimia 120 ya hasara. Yadi kuanzia 0 hadi 4 ni zake zote. Kuanzia ya 5 hadi ya 10 inagawana nusu kwa nusu na mkimbiaji, na kuanzia ya 11 haipewi kitu. Baada ya hapo hesabu hurekebishwa kulingana na hali ya mchezo na ubora wa mpinzani. Kabla ya marekebisho hayo, mbio ya yadi 85 inaipa safu yadi 7 tu, sawasawa na ile ya 75. Yadi 160 za Edwards zinageuka kuwa 14.

Simaanishi safu ya Michigan ilikuwa dhaifu. Ilitwaa tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora ya ushambuliaji nchini, mwaka 2021 na tena 2022. Ila ukitaka kuona ubabe wake dhidi ya Ohio State, tazama ushindi wa 42 kwa 27 mwaka 2021. Siku ile mkimbiaji wa Michigan Hassan Haskins alibeba mara 28 kwa yadi 169 na tachidauni tano, bila kuhitaji hata mbio moja ya yadi 70. Njia ilifunguliwa mbio baada ya mbio. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ya safu, na ni kubwa kuliko ya 2022, ingawa wastani wa mkimbiaji ni mdogo.

Dhana: Wastani wa yadi kwa mbio unapima mbio

Katika NFL, ligi ya kulipwa, kwotabeki akiangushwa kabla hajaachia mpira, yadi zilizopotea hutolewa kwenye hesabu ya kurusha. Kwenye vyuo, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huzitoa kwenye hesabu ya kukimbia. Chukua timu iliyokimbia mara 30 kwa yadi 150, ikaangushiwa kwotabeki mara 5 kwa hasara ya yadi 35. Kumbukumbu rasmi zitasema mbio 35, yadi 115. Wastani umeshuka kutoka 5 hadi 3.3, na hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyekosea. Yeyote anayelinganisha timu mbili za vyuo bila kutenganisha hayo analinganisha vitu visivyofanana.

Dhana: Kwotabeki akiangushwa, safu ndiyo yenye kosa

Mara nyingi ndiyo. Aidan Hutchinson wa Michigan alimwangusha kwotabeki wa Ohio State mara tatu katika mechi ile ya 2021, na hakuna wa kulaumu hapo zaidi ya waliotakiwa kumzuia. Lakini kwotabeki anayeng'ang'ania mpira hadi sekunde ya nne huitia doa safu iliyomkinga vyema kwa sekunde tatu.

Hali ya mchezo nayo ina uzito. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, na wachambuzi hutenga nyakati ambazo kila mtu anajua mpira utarushwa: jaribio la pili likiwa na yadi 8 au zaidi mbele yake, la tatu au la nne likiwa na 5 au zaidi. Timu inayorudi kwenye hali hizo kila mara itaangushiwa kwotabeki hata ikiwa na safu nzuri. Linganisha asilimia za kuangushwa katika hali zinazofanana, si jumla ya msimu.

Dhana: Namba za msimu ni za safu moja

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mwaka 2024 lilipotosha wengi. Ohio State walifungwa na Michigan 13 kwa 10 nyumbani kwao, wakikimbia mara 26 kwa yadi 77 tu. Wengi walihitimisha kwamba hawana safu. Wiki chache baadaye timu hiyohiyo iliwafunga Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21 na Texas 28 kwa 14, kisha ikawa bingwa wa taifa kwa kuwashinda Notre Dame 34 kwa 23.

Walichosahau ni majeruhi. Josh Simmons, mkingaji wa kushoto kabisa katika safu ya Ohio State, aliumia goti Oktoba dhidi ya Oregon. Donovan Jackson akahamishwa kutoka nafasi ya jirani kuziba pengo lake. Novemba, Seth McLaughlin, senta (yule wa katikati ya safu), akaumia kano ya kisigino, naye ndiye aliyepewa tuzo ya senta bora wa mwaka huo. Safu hiyo yenye viraka ilikutana na Mason Graham na Kenneth Grant wa safu ya ulinzi ya Michigan, ambao miezi mitano baadaye walichukuliwa wa 5 na wa 13 katika uteuzi wa NFL, ambapo timu za ligi hiyo huchagua wachezaji wapya.

Kwa hiyo wastani wa Ohio State wa 2024 ni wa safu tatu: ya kabla Simmons hajaumia, ya kati, na ya baada ya McLaughlin. Anayetaka kuilinganisha na ya Michigan aseme kwanza anazungumzia ipi.