Karata namba 3 si malkia

Nimesikia tena, na safari hii kwa mtu anayejiita mwalimu wa taroti, zile karata za kutabiria, akiionyesha karata namba 3: "Huyu ni Malkia, maana yake uzazi." Maneno sita tu, makosa mawili.

Maana yenyewe haichukui muda. Taroti ni karata 78: karata kuu 22 na ndogo 56. Namba 3 katika zile kuu ni mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha enzi, na kwa wasomaji wengi wa karata wa leo ni ishara ya mlezi: rutuba, neema, mwili wenye afya, chochote kinachostawi kwa sababu yupo anayekitunza. Basi.

Sasa hilo la "malkia". Malkia wa taroti wapo, tena wanne, na wote wamo katika zile 56: wa vikombe, wa panga, wa fimbo na wa sarafu. Anayecheza karata kwa Kiswahili anazitaja jamii hizi kila siku bila kujua, kwani kopa, shupaza, pau na uru tumezipata kwa Wareno: copas ni vikombe, espadas ni panga, paus ni magongo, ouros ni dhahabu. Malkia wa kopa, kwa hiyo, ni malkia wa vikombe yule yule. Mtu akikwambia "nimetokewa na malkia", una haki ya kumuuliza yupi. Ukimwongeza na namba 3 humo, umewachanganya watano.

Namba 3 Waitaliano humwita Imperatrice na Wafaransa L'Impératrice. Jina hilo linatokana na kitenzi cha Kilatini imperare, kuamuru. Malkia ni neno la Kiarabu, ndugu wa milki na kumiliki. Ana nchi yake, anaitawala, yametosha. Huyu wa namba 3 ni wa cheo cha juu zaidi, cheo cha mwenye dola ambaye wafalme wengine wako chini yake. Kwa mwanamume mwenye cheo hicho tunalo neno, na hata asiyewahi kugusa karata amelisikia katika "ya Kaisari mpeni Kaisari". Namba 4 ndiye Kaisari. Namba 3 basi ni Kaisari wa kike. Wapo wanaosema "mke wa Kaisari", nao wananikera zaidi: mwanamke ametangulia kwa namba, ana fimbo yake ya enzi mkononi, halafu anatambulishwa kwa mume aliye nyuma yake!

Ulezi wenyewe nao haukuwa dhahiri hivyo tangu mwanzo. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo. Karata hizi kuu ziliitwa trionfi, yaani turufu. Katika seti iliyochorwa kwa ajili ya watawala wa Milan, ukoo wa Visconti na Sforza, mwanamke huyu ameshika ngao yenye tai, nembo ya dola. Karata za mtindo wa Marseille, wa Ufaransa, zikamwachia tai wake. Shamba hakuna, mto hakuna.

Mabadiliko makubwa yalikuja London mwaka 1909, Pamela Colman Smith alipochora seti ya Arthur Edward Waite, mwandishi wa elimu ya mambo ya siri. Tai akatoweka. Ngao ikawa na umbo la moyo na alama ya Zuhura, ngano ikaiva miguuni, maji yakaporomoka kutoka msituni, gauni likajaa makomamanga. Kichwani akavikwa taji la nyota 12, ambalo msomaji wa Ufunuo sura ya 12 atalitambua mara moja. Mwanamke wa sura ile ana mimba, na pengine hapo ndipo watu wanapopata ujasiri wa kumtabiria mimba kila anayetokewa na karata hii, hata mzee wa miaka sabini.

Lakini Kiswahili chetu kilishatenganisha mambo haya zamani: kuzaa si kazi, kazi kulea. Itazame ile ngano. Imeiva, maana yake kuna aliyengoja. Itazame na fimbo ya enzi, ambayo hata Smith hakumnyang'anya, bado ameiinua. Mlezi huyu anaamuru pia, na amri ni sehemu ya malezi.

Wenye kupenda saikolojia humwita arketipu ya mama, neno lililoenezwa na Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, kutoka Kigiriki: arkhe, mwanzo, na typos, chapa. Chapa hiyo si mama yako wala mimba yako. Jung mwenyewe aliipa nyuso mbili, mama anayelisha na mama anayemeza, ndiyo maana wasomaji wengi wakiiona karata imepinduka huzungumzia malezi yanayombana mtu hadi akose pumzi. Bibi mpole wa kwenye mabango ya mitandaoni ni nusu tu ya habari.

Simlaumu sana mwalimu yule. "Malkia" linatamkika, na "Kaisari wa kike" ni refu mdomoni. Likikushinda, sema tu "namba 3", tutaelewana. Malkia waachie wale wanne.