Injini haikuzimika, jamani

Kila ikisambaa video ya ndege ndogo kuanguka milimani, maoni ni yale yale: injini ilizimika. Nimechoka. Itazameni tena ile ya Stinson 108-3 iliyoanguka Bruce Meadows, Idaho, Marekani, tarehe 30 Juni 2012. Kamera ilikuwa ndani ya ndege. Inajikokota juu ya miti, haipandi, mpaka inaingia mitini. Wote wanne walinusurika. Uwanja ule uko futi 6,370, siku ilikuwa ya joto, na densiti altitudi, yaani mwinuko ambao ndege inauhisi kwa wembamba wa hewa, ilipita futi 9,000.

"Lakini si ilikuwa imeshapaa?" Hapo ndipo ninapokasirika. Kuacha ardhi si kupaa. Bawa likiwa karibu na ardhi, ukinzani utokanao na kuinua hupungua: kwenye kimo cha moja ya kumi ya upana wa mabawa, hupungua kwa karibu nusu. Cessna 172 ina mabawa ya mita 11, kwa hiyo mita chache za kwanza zina ruzuku. Ukifika mita kumi ruzuku imekwisha, na deni lote linarudi kwa injini ambayo haina cha kulipia. Rubani anaona miti, anavuta usukani, spidi inashuka, ukinzani unapanda, king'ora cha stoli (bawa kukaribia kushindwa kuinua) kinalia. Akiinamisha ndege ubavu nyuzi 45 ili akate kona arudi, spidi ya stoli inapanda kwa asilimia 19. Basi.

Hesabu ya kwetu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu futi 5,500, ambako joto la kawaida kwenye majedwali ni nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 28 tofauti ni 24. Zidisha kwa futi 120 za kila nyuzi, ongeza juu ya mwinuko: densiti altitudi ni karibu futi 8,400, na bado hujawasha injini. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwa hiyo nguvu za farasi 160 zimebaki kama 120. Hizo nazo ni kama umevuta kile kitasa chekundu ukapunguza mafuta hadi mizunguko ya injini ifike kileleni. Ukikiacha ndani kabisa kana kwamba uko Mombasa, injini inazidiwa na petroli na unapoteza nyingine.

Saa ya spidi haitakuonya. Inasoma ile ile ya pwani, huku ardhi ikikupita kwa kasi zaidi kwa zaidi ya asilimia 10. Macho yanadanganyika kwamba spidi inatosha, mkono unavuta mapema.

Nusu ya uwanja hujafikisha asilimia 70 ya spidi ya kuinukia? Funga nguvu, breki. Nyasi kavu, ongeza asilimia 15 ya mbio za ardhini. Haya yanajulikana. Kisichosemwa darasani ni kwamba unaweza kuyatimiza yote na bado mlima ukushinde. Jedwali la kitabu cha ndege lilipimwa kwa ndege mpya na rubani wa majaribio, na halina safu ya upepo unaoshuka nyuma ya kilima. Ndege inayopanda futi 350 kwa dakika ndani ya hewa inayoshuka futi 500 inashuka, injini nzima kabisa. Wengi tunaongeza asilimia 50 juu ya namba za kitabu. Ni tahadhari tu, msidhani kuna mtu aliipima.

Uzito ndio dawa ya haraka: punguza asilimia 10, mbio za kuruka zinafupika kwa karibu asilimia 20. Abiria mmoja na masanduku waende kwa barabara, au wote mruke saa 12 na nusu asubuhi.