Je, wajua? "Steadily" si polepole

Shuleni Jinja niliwahi kupewa sentensi ya Kiingereza niitafsiri: mvua ilinyesha "steadily" usiku kucha. Nikaandika ilinyesha polepole. Nikapata kosa, nikanuna, na kwa miaka mingi niliamini mwalimu ndiye aliyekosea.

Nilikuwa na sababu. Waingereza wana methali ya kobe isemayo kwamba mwenda pole na "steady" ndiye mshindi. Sisi tuna pole pole ndio mwendo. Waganda wana mpola mpola, na Kiingereza cha Kampala kimezaa "slowly by slowly" yake. Vyote vilichanganyika kichwani mwangu vikawa neno moja. Sikujiuliza: kama "steady" ingekuwa tayari ni pole, methali ile ingehitaji maneno mawili ya nini?

Neno hili halipimi kasi. Linasema jambo halikatiki wala haliyumbi. Simama pale Naili inapotoka Ziwa Viktoria, hapo hapo Jinja. Maji yanakwenda mbio, na mbele zaidi mtoni watalii hulipa ili warushwe nayo, lakini huo ndio mtiririko wa "steadily". Ziwa ni kama mtungi mkubwa mno wenye tundu dogo ubavuni: inyeshe leo au jua liwake mwezi mzima, kimo cha maji hubadilika kidogo tu, na kinachotoka tunduni hakishtuki. Naili ya Buluu kule Ethiopia, kinyume chake, hufura Julai hadi Septemba, kisha kiangazi hunywea. (Kweli, tangu 1954 bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, limeshika mlango wa mtungi wetu. Lakini mto ulikuwa na tabia hiyo kabla ya bwawa.)

Kwa hiyo bei zikipanda "steadily", zinapanda mfululizo. Si lazima nyongeza iwe sawasawa, shilingi 100 mwezi huu na 130 ujao bado ni sawa, mradi zisiruke leo na kuporomoka kesho. Mtu akikutazama "steadily", hapepesi macho. Na mvua yangu ilinyesha bila kukatika, pengine kwa nguvu kabisa.

Asili yake ni "stead", neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mahali: kilicho "steady" kimekaa mahali pake. Thabiti yetu, kutoka Kiarabu, nayo hubeba wazo hilo hilo la kutobanduka. Lakini jaribu kuwaambia watu sokoni kwamba jana mvua ilinyesha kwa uthabiti, uone watakavyokutazama.