Sauti zimenyamaza, mbona bado anasahau?

Maswali ya mama mmoja ambaye mwanawe anatibiwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na majibu ya daktari.

Daktari, mwanangu anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tangu aanze dawa hasikii tena zile sauti. Lakini ukimwambia, "Mpimie mama huyu sado tatu, mrudishie elfu mbili, kisha kafunge gunia la yule wa Geita," anapima, halafu anabaki amesimama. Kaka zake wanasema ni mvivu.

Si uvivu, mama. Kushika maagizo matatu kichwani huku mikono ikifanya kazi ni mzigo wa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na skizofrenia huigusa sana sehemu hiyo. Tena katika kelele za Mwaloni! Hata mzima huchanganyikiwa pale. Pengine ukikumbuka vizuri, alianza kushuka darasani kabla hata ya kusikia sauti. Kwa wengi huwa hivyo.

Huko ndani kumeharibika nini hasa?

Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo kubwa ni glutameti. Huipokea kupitia vipokezi, vikiwemo vile viitwavyo NMDA. Watafiti wengi wanaamini kwamba katika ugonjwa huu vipokezi hivyo hufanya kazi chini ya kiwango, hasa kwenye seli ndogo ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao na kuwapangia mdundo. Fikiria wapiga kasia wa mtumbwi mmoja: kila mtu akivuta kwa wakati wake, nguvu ipo ila chombo hakiendi. Mawimbi ya umeme wa ubongo yanayosaidia kumbukumbu, yale ya mapigo kati ya 30 na 80 kwa sekunde, hukosa kwenda pamoja kwa namna hiyo.

Ushahidi mmoja unatoka kwenye ketamini, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, ambayo huziba vipokezi vya NMDA. Watu wazima wa afya walipopewa kiasi kidogo, kwa muda mfupi walipata mawazo ya ajabu na wakashindwa kushika mambo kichwani.

Kuna pia suala la umri. Ubongo wa kijana hupunguza viunganishi kati ya seli visivyohitajika, na hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina fulani za jeni la C4, linalohusika na upunguzaji huo, huongeza hatari ya skizofrenia. Huenda kwa baadhi ya watu hukatwa vingi kupita kiasi.

Sasa dawa mbona hazigusi hilo?

Haloperidoli na dawa ndugu zake huzuia dopamini, kemikali nyingine ya kupashana habari, iliyozidi katikati ya ubongo, ndiyo maana sauti hunyamaza. Kule mbele inaonekana shida ni kinyume: dopamini ni pungufu. Lakini msiache dawa kwa sababu hiyo, sauti zinaweza kurudi.

Ila kuna dawa moja ya kuulizia. Kama anameza pia benzeksoli, wengi mnaiita Artane, ya kuondoa kukakamaa na kutetemeka, hiyo huweza kuongeza usahaulifu. Muulizeni anayemtibu kama inaweza kupunguzwa. Msipunguze wenyewe.

Shangazi yake anataka tumpeleke kwa mganga.

Hayo ni ya ukoo, mtaongea wenyewe. Sharti langu ni moja: kliniki isikatizwe, na asipewe bangi "ya kumtuliza".

Nyumbani na kazini tumsaidieje?

Agizo moja kwa wakati, na alirudie kwa mdomo wake kabla hajaanza. Simu imkumbushe saa ya dawa. Kutembea kwa miguu kila siku kunasaidia ubongo wenyewe, kwa hiyo kama nyumbani si mbali, aache daladala. Yapo mazoezi maalumu ya kumbukumbu na umakini, nayo huzaa matunda zaidi yakifungwa na kazi halisi, kwa hiyo msimtoe sokoni. Apime dagaa tu, chenji ashike kaka yake. Akiwa na uhakika na mizani, mwongezeeni kufunga magunia. Pesa iwe ya mwisho.