Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia vifaranga, pima maji ya bwawa lako

Kuanzia Januari hadi masika yaanze, wafugaji wa samaki wa Moshi hutuletea lalamiko lile lile: vifaranga wamekufa, nimeuziwa wabovu. Wapo waliouziwa wabovu kweli. Wengi, hata hivyo, wana maji yaliyochoka, yaani yaliyopungukiwa oksijeni.

Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.6, na hapo ni usawa wa bahari. Huku kwetu juu hupungua zaidi. Wakati huohuo joto humfanya kifaranga ahitaji oksijeni nyingi kuliko kawaida. Yai halina matamvua, linapata oksijeni kwa kupenya ganda lake tu. Ikipungua, kiinitete hukua polepole, huanguliwa kikiwa kidogo, na wengine hutoka na uti wa mgongo uliopinda. Perege jike anayeatamia mayai mdomoni, akizidiwa, huyatema.

Tafadhali tuache kusema "kambare hafi hata matopeni". Huyo ni kambare mkubwa, mwenye kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Katika siku zake za mwanzo kifaranga bado hana kiungo hicho.

Usiku mwani nao hutumia oksijeni, hivyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ukiwaona samaki wameelea midomo juu, hawana njaa! Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu huwamwagia pumba. Pumba isiyoliwa huoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyobaki. Acha kulisha, acha mbolea, ingiza maji mapya.

Maji hayo yakitoka mtoni au kwenye mfongo (mfereji wa jadi wa Wachaga), yanahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Maombi hupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Moshi. Eleza chanzo, kiasi unachohitaji na maji yanakorudi. Kibali cha jirani hakikuhusu wewe, wala makubaliano ya mdomo na wazee wa mfongo hayachukui nafasi yake. Kuchepusha maji bila kibali ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Omba kabla ya kuchimba.

Vifaranga wapya wasafirishwe asubuhi na mapema. Uache mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20 ndipo uufungue.